Pointi Mbili Tu: Kupandisha Gredi Wiki za Mwisho Kabla ya KCSE

Matokeo ya moki, yaani mtihani wa majaribio, yakitoka, nasaha inayotolewa nyumbani huwa moja: "Soma kwa bidii." Mtoto anaitikia, anaingia chumbani, anafungua kitabu ukurasa wa kwanza, na wiki mbili baadaye bado yuko sura ya tatu. Mwongozo huu ni wa mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne, hapa Mombasa aliyebakiwa na wiki kumi au kumi na mbili, ana C ama D+ ya moki mkononi, na hana tena nafasi ya kuirudia silabasi ya miaka minne. Mzazi naye asome, kuna mahali nimemtaja.

Alama nyingi unazozihitaji tayari zimo kwenye karatasi zako za moki, zimekatwa kwa wino mwekundu. Kazi ya wiki hizi ni kuzifuata hizo, moja moja, mpaka zirudi.

Hesabu pointi kabla ya kufungua kitabu

Nakutana na watahiniwa wengi ambao hawajui gredi ya wastani inapatikanaje, na ndiyo maana wanatapanya nguvu. Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na huteremka hivyo hadi E yenye pointi 1. Tangu mtihani wa 2023, Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) huhesabu masomo saba: Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, kisha matano mengine uliyofanya vizuri zaidi. Jumla ya juu kabisa ni 84. C+, ambayo ndiyo inayokufungulia chuo kikuu, huanzia pointi 46. C ni 39 hadi 45, na C- ni 32 hadi 38.

Sasa tumchukue mwanafunzi wa kubuni. Hisabati ana D (3), Kiswahili B- (8), Kiingereza C (6), Biolojia C- (5), Kemia D+ (4), Historia C+ (7), Dini ya Kiislamu B (9), Biashara C (6). Hisabati inaingia, Kiswahili kinaingia kama lugha, halafu matano bora yaliyobaki: Dini, Historia, Kiingereza, Biashara na Biolojia. Kemia inabaki nje. Jumla ni 44. Hiyo ni C, na amekosa pointi mbili tu kufika C+.

Pointi mbili zinatoka wapi? Hisabati ikipanda kutoka D hadi D+, na Biolojia kutoka C- hadi C, kwisha kazi. Au Kiingereza kipande hadi B- peke yake. Ukimwambia mtoto huyu "ongeza bidii" hatajua aanzie wapi, lakini ukimwambia "tunatafuta gredi moja ya Hisabati na moja ya Biolojia" atakuwa na mahali pa kuushikia mwezi wa tisa.

Fanya hesabu hii leo kwa karatasi yako mwenyewe. Andika masomo yote, weka pointi kando, chagua saba zinazohesabika, kisha jiulize ni masomo gani mawili au matatu yako karibu kupanda. Hayo ndiyo yatakayopewa saa nyingi. Hisabati usiikimbie hata ukiichukia, maana hesabu ya wastani haiachi nje kama ilivyoiacha Kemia ya huyu mwenzako.

Kuna tahadhari moja. Gredi ya wastani ni ya kuingilia tu. KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, huangalia pia masomo ya kundi la kozi unayoitaka. Anayetaka kozi za afya na Kemia yake ni D+ asifurahie kuona Kemia imeachwa nje ya saba bora, kwa kuwa itamsubiri mbele. Kwa hivyo kabla hujaamua somo la kupunguzia saa, angalia kwanza kozi unayoiwazia inadai nini.

Na usijipime kwa asilimia za mtihani wa shule. Mipaka ya gredi hupangwa na KNEC kwa kila somo, nayo haifanani somo hadi somo. Wewe hesabu alama ulizopoteza, mipaka waachie wenyewe.

Lete karatasi za moki mezani

Wengi wakishaona gredi huikunja karatasi wakaitia chini ya godoro. Itoe. Nunua daftari jipya, liite daftari la makosa, na kwa kila alama uliyokosa andika mambo mawili: swali lilitaka nini, na kwa nini ulikosa. Sababu huwa ni chache. Hukujua kabisa. Ulijua ukasahau. Hukuelewa swali. Ulikosea hesabu ndogo. Muda ulikuishia. Ukimaliza, jumlisha alama zilizopotea kwa kila sababu.

Binti mmoja aliniletea karatasi yake ya Kemia akiwa ameshakata tamaa.

"Mwalimu, mimi Kemia sina kichwa nayo."

"Hebu tutazame, mamangu. Hapa uliulizwa nini?"

"Nieleze kinachoonekana tukitia asidi kwenye kaboneti."

"Nawe uliandika?"

"Gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka."

"Umeiona?"

Akacheka. Kaboni dayoksaidi haina rangi, hakuna aliyewahi kuiona ikitoka. Kinachoonekana ni mapovu. Alikuwa anajua zaidi ya alichoulizwa, na alama ikaenda. Tulipoendelea kuihesabu karatasi ile, sehemu kubwa ya alama zilizokosekana zilikuwa za namna hiyo: swali linataka unachokiona, yeye anatoa jina, swali linataka sababu, yeye anatoa maelezo ya kilichotokea. Makosa ya aina hii hutibika ndani ya wiki mbili, mradi uyaone yote yamepangwa mahali pamoja.

Daftari hili utalirudia. Kosa uliloliandika leo, jaribu swali kama hilo baada ya siku tatu bila kutazama jibu, kisha baada ya wiki, kisha tena wiki mbili au tatu mbele. Kusoma noti mara tano mfululizo kunakupa hisia kwamba unajua, kwa kuwa macho yamezizoea. Kujiuliza swali ukiwa umefunga kitabu ndiko kunakoonyesha kama limeingia, na ndiko kunakolikaza kichwani. Wengi hawakupendi kwa sababu kunaumiza kichwa.

Karatasi za miaka iliyopita, kwa saa

Zinauzwa madukani mjini, ziko kwa walimu, na kwenye saiba yoyote utatolewa kopi. Kuzipata si tatizo. Tatizo ni namna zinavyotumiwa: mwanafunzi anasoma swali, anatazama jibu, anasema "hili nalijua", anapita. Hapo hajafanya kitu.

Jumamosi asubuhi chukua karatasi nzima, weka saa mbele yako, simu mpe mama, ukae muda uleule wa mtihani. Hisabati ni saa mbili na nusu kwa alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 3 likikushika kwa dakika kumi, liache uende. Ukimaliza, sahihisha kwa mwongozo wa kusahihisha wenyewe, na ujipe alama pale tu mwongozo unapotoa. Ukijionea huruma utakuwa unajipotezea Jumamosi.

Muulize pia mwalimu wa somo au mkuu wa idara kama shule ina ripoti za KNEC za mitihani iliyopita. Baraza huchapisha ripoti zinazoeleza maswali yaliyowashinda watahiniwa na makosa waliyoyafanya. Ni hazina, na katika shule nyingi hukaa kabatini hadi karatasi zinageuka rangi. Watahini wanakwambia kwa maandishi wapi wenzako wa mwaka jana walianguka. Omba kwa adabu, toa kopi ya kurasa za masomo yako, urudishe.

Hisabati: andika njia hata kama jibu limekataa

Kila karatasi ina sehemu mbili. Ya kwanza ina maswali 16 ya alama 50 na yote ni lazima. Ya pili ina maswali 8, unachagua 5, kila moja alama 10. Karatasi ya kwanza kwa kiasi kikubwa hutoka kazi ya kidato cha kwanza na cha pili, ya pili kazi ya cha tatu na cha nne. Anayeanguka Hisabati basi ana njia ya mkato iliyo halali: arudi kwenye vitabu vya kidato cha kwanza na cha pili. Hapo kuna sehemu, uwiano, algebra nyepesi, eneo na ujazo, pembe za poligoni. Nimewaona wa kidato cha nne wanaoona haya kushika kitabu cha kidato cha kwanza mbele ya wenzao. Haya hiyo iweke kando hadi Desemba.

Msahihishaji hutoa alama za njia na alama za jibu mbalimbali. Ukionyesha njia sahihi ukakosea mwishoni, unapoteza ya jibu tu. Ukiandika jibu peke yake nalo si sahihi, huna kitu. Kwa hivyo usifute kazi yako kwa hasira, na usifanye hesabu zote kwenye kikokotoo halafu ukaandika nambari moja kavu.

Katika sehemu ya pili, chagua mapema mada sita au saba zinazojirudia mara kwa mara na uzijue barabara: takwimu, matriksi na mageuzi ya maumbo, uwezekano, vekta, grafu za trigonometria, ushuru wa mapato, longitudo na latitudo. Mbili za mwisho nazipenda sana kwa anayetafuta gredi moja, kwa sababu hatua zake hazibadiliki.

Ushuru: jumlisha mshahara na marupurupu yanayotozwa, kata kila tabaka kwa kiwango chake, jumlisha ushuru, kisha ndipo uondoe nafuu ya kodi. Kosa la kila mwaka ni kuiondoa nafuu kwenye mshahara badala ya kuiondoa kwenye ushuru.

Longitudo: nyuzi moja ni dakika 4 za saa. Mombasa iko karibu nyuzi 40 mashariki, kwa hivyo saa ya mahali hapa, kwa hesabu ya jua, imeitangulia Greenwich kwa dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40. Saa ya ukutani inasema 3 kwa kuwa Kenya nzima hufuata longitudo ya 45. Mtihani ukitaka saa ya mahali, hesabu longitudo, usiifuate saa ya ukutani. Umbali nao: ukisafiri nyuzi 30 kwenye latitudo ya 40, maili za baharini ni 60 mara 30 mara kosini ya 40, ambayo ni karibu 1,379. Anayeisahau kosini anapata 1,800 na kuondoka akiwa na furaha. Ukifuata longitudo kwenda kaskazini au kusini kosini haihitajiki, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Chora duara dogo kando ya swali kila mara, hata kama unadhani huhitaji.

Kiswahili hakikusamehi kwa kuzaliwa nacho

Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Watoto wetu wa Mvita, Likoni na Kisauni wanaota kwa Kiswahili, halafu karatasi ya pili inawaangusha, na mtoto aliyekuja mjini juzi anawapita. Sababu ni kwamba hawakisomi. Wanaamini wanakijua.

Tazama alama zilivyogawanywa. Karatasi ya kwanza, insha, ni 40. Ya pili ni 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Ya tatu, fasihi, ni 80. Matumizi ya lugha peke yake ni sawa na karatasi nzima ya insha, na ni sarufi tupu: ngeli, minyambuliko, uchanganuzi wa sentensi kwa jedwali au matawi, uakifishaji. Yote ni ya kufanyia mazoezi kama Hisabati. Sentensi kumi kila siku kwa mwezi mmoja zinatosha kukutoa hofu. "Uzi huu uliokatika umefungwa" igeuze wingi ukiwa unapiga mswaki: nyuzi hizi zilizokatika zimefungwa. Na Kimvita chako kibaki barazani. "Yuwaja" ni tamu mdomoni, lakini msahihishaji anataka "anakuja".

Katika ufupisho, ukipewa maneno 60 usiandike 80 ukitumaini hatahesabu. Tumia nafasi ya matayarisho, orodhesha hoja, ndipo uandike nakala safi.

Insha ya kwanza ni ya lazima na huwa ya kiuamilifu, yaani barua rasmi, ripoti, hotuba, tahariri, kumbukumbu za mkutano. Sura yake ina alama zake. Kumbukumbu, kwa mfano, zina kichwa chenye jina la kikundi, mahali, tarehe na saa, waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa kuhudhuria, ajenda, kufunguliwa kwa mkutano, kusomwa kwa kumbukumbu zilizopita, yatokanayo, kisha hoja za siku, mwisho kufungwa, na nafasi ya sahihi ya mwenyekiti na katibu. Kariri sura za insha kama nane hivi, kila moja kwenye ukurasa wake. Urefu usipungue maneno 400.

Fasihi ina swali la dondoo ambalo karibu kila mara huanza kwa muktadha, alama 4: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa sababu gani. Vitu vinne, alama nne, na bado kuna wanaoandika ukurasa mzima kuhusu msemaji wakasahau kusema walikuwa wapi.

Maabara, ambako alama huokotwa

Biolojia, Kemia na Fizikia zina karatasi ya tatu ya vitendo yenye alama 40 kati ya 200. Ni moja ya tano ya somo. Anayesubiri Novemba aanze kujiandaa atakuwa ameshachelewa.

Tuchukue titresheni ya Kemia. Jedwali la bureti lina alama kabla hujafikia hesabu yoyote: kulijaza lote, kuandika desimali kwa namna moja, kuwa karibu na jibu la mwalimu, kuchukua wastani wa namba zinazokubaliana tu, na jibu la wastani lenyewe. Ukiandika 24.5 mstari mmoja na 24.50 mstari wa pili, umeshapoteza. Ukiandika desimali mbili, ya mwisho iwe 0 au 5, kwa sababu bureti haisomeki zaidi ya hapo. Na usiingize kwenye wastani namba iliyo mbali na wenzake ati kwa kuwa umeipata. Hapa hakuna akili nyingi inayotakiwa, ni mkono uliozoea. Kama shule yako ina vifaa vichache, nendeni watano kwa mwalimu wa maabara, mwombeni Jumamosi moja. Walimu wengi hukubali wakiona nyinyi ndio mmewafuata.

Historia, Dini, Kiingereza, kwa ufupi

Historia: swali la alama 12 linataka hoja sita zilizoelezwa, alama mbili kila moja. Hoja kumi za neno mojamoja hazitoshi, na hoja tatu ndefu nazo hazitoshi. La kutaja tu, taja upite.

Dini ya Kiislamu huwashangaza waliosoma chuoni tangu utotoni. Wanayajua mambo, ila wanayaandika kama mawaidha, aya moja ndefu isiyo na hoja zinazohesabika. Gawanya, weka nambari, toa ushahidi wa aya au hadithi unapoujua kwa hakika.

Kiingereza, karatasi ya kwanza ina kazi ya kujaza nafasi alama 10 na sehemu ya mazungumzo alama 30, nazo hupanda haraka kwa mazoezi. Vitabu teule visomwe vyenyewe, sio muhtasari wa mitaani.

Saa za kusoma katika mji wenye joto

Ratiba nyingi za kusoma zimeandikwa na watu wasiokijua chumba cha Majengo mwezi wa Oktoba saa nane mchana. Usipange Hisabati wakati huo. Wakati bora hapa kwetu ni baada ya swala ya alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu: kuna upepo, nyumba imetulia, na simu za wenzako bado zimelala. Saa hiyo ipewe somo gumu kuliko yote. Mchana baada ya shule pumzika kidogo, ule. Jioni baada ya isha, saa mbili zinatosha, kwa masomo mepesi na daftari la makosa.

Mahali nako ni kazi. Nyumba ya chumba kimoja chenye watu saba na televisheni haisomeki, na si kosa la mtu. Omba shule ikuruhusu kubaki darasani, nenda maktaba ya umma mjini, tumia varanda ya msikiti kwa ruhusa ya wenyewe, au nyumba ya shangazi asiye na watoto wadogo. Tokeni za stima zikiisha usiku, uwe na taa ya kuchaji iliyojazwa mchana. Na Ijumaa na Jumamosi kukiwa na harusi jirani, usishindane na spika. Lala mapema, uamke alfajiri.

Usingizi usiuguse. Akili huyapanga uliyosoma ukiwa umelala, na anayekesha hadi saa tisa usiku kwa muguka au kahawa kali huingia darasani macho yakiwa wazi na kichwa kimefungwa. Vijana huambiana kwamba muguka unasaidia kusoma. Unasaidia kukaa macho, na hapo ndipo msaada unapoishia.

Mzazi, hapa ndipo ninapokutaja. Binti wa kidato cha nne anayeamka saa kumi kukanda mahamri ya biashara, akarudi jioni kuteka maji, kuosha vyombo na kumbembeleza mdogo wake, ana saa ngapi? Kakake naye yuko barazani. Wiki kumi tu, gawa kazi upya. Usimlipie mwalimu wa ziada kabla hujampa mtoto saa mbili za bure, maana saa hizo zina faida kubwa kuliko pesa hiyo.

Kusoma kwa kikundi kunafaa mkiwa watatu au wanne na kila mmoja amekuja na kitu cha kufundisha. Mkiwa wanane ni mkutano. Gawaneni mada, kila mtu asimame aeleze bila kitabu, wengine waulize. Ukishindwa kumweleza mwenzako, umeshajua leo jioni utafungua ukurasa gani.

Zinazouzwa kwenye Telegram

Oktoba ikifika huzuka watu wanaouza "karatasi yenyewe". Unatuma pesa kwa simu, unatumiwa karatasi ya mwaka wa zamani iliyobadilishwa tarehe, kisha unazuiwa. Ukilalamika, utalalamika kwa nani? Hata ukiweka sheria kando, na sheria ya KNEC ya 2012 ni kali, na matokeo hufutwa, hasara ya karibu ni usiku wa kuamkia mtihani uliopotea kwenye simu ukisubiri faili. Jitoe kwenye makundi hayo mwezi mmoja kabla. Usiseme utakuwa unatazama tu.

Na usijiambie utarudia mwakani. Kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu wenye mtihani huu, liliingia kidato cha kwanza mwaka 2024 na litafanya KCSE mwaka 2027. Madarasa ya kurudia yanazidi kupungua.

Wiki ya mtihani

Hapa usifungue mada mpya. Daftari la makosa, sura za insha, hatua za ushuru na longitudo, jedwali la bureti, basi. Vifaa viwe tayari usiku: kalamu mbili zaidi, penseli, rula, seti ya jometri, kikokotoo cha kawaida kisichopangika chenye betri mpya. Kikokotoo cha kuazima usikizoee siku ya mtihani, kila kimoja kina vitufe vyake.

Karatasi ya asubuhi huanza saa mbili. Anayevuka Likoni asihesabu muda wa feri kama siku ya kawaida, kwa kuwa foleni ya asubuhi haina adabu, na ikiharibika moja umekwama. Toka saa moja zaidi mapema, au kama una jamaa upande wa kisiwani, lala kwake siku za karatasi nzito. Anayetoka Mshomoroni au Magongo aangalie mbingu: Novemba ni vuli, mvua ikinyesha usiku barabara hujaa maji na matatu hupandisha nauli. Weka akiba ya boda.

Ukiingia, tumia dakika za kwanza kusoma karatasi yote. Kwenye maswali ya kuchagua, tia alama ya vema kwenye unayoyajua, na uanze na rahisi. Andika nambari za maswali sawasawa. Ukibakiwa na dakika kumi, rudi kwenye yaliyo tupu uandike hata njia nusu, maana nafasi tupu haina alama kabisa.

Ukitoka nje, watakuzunguka kulinganisha majibu. Waage, nenda ukale. Kisha kaa na karatasi ya maswali dakika tano, pigia mstari mada zilizotoka. Kwa Hisabati, mada iliyokuja kwa swali la alama 10 katika karatasi ya kwanza, ipunguzie muda jioni hiyo. Zile ulizojiandaa nazo na hazikutoka, hizo ndizo za kupitia kabla ya karatasi ya pili.